Mmestaafu na mnabanana nyumbani: saa za nje, chumba cha pili, shamba au kwa watoto?

Tanzania mtumishi hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60, na kwa hiari kuanzia 55. Kabla ya siku hiyo gumzo lote huwa la mafao: yatatoka lini, mkupuo ni shilingi ngapi, nyumba imaliziwe au inunuliwe bajaji. Jambo moja hupitiwa haraka, kama likitajwa kabisa. Kuanzia Jumatatu inayofuata, watu wawili waliozoea kuonana jioni na mwisho wa wiki watakuwa pamoja kutwa nzima, siku saba, na rimoti moja.

Mikwaruzo yake huanza na vitu vidogo. Baba aliyekuwa mkuu wa idara sasa anauliza kwa nini gunia la mkaa halimalizi mwezi. Anafunua masufuria. Anamtuma binti wa kazi mara hii dukani, mara hii akamletee miwani. Mama, ambaye kwa miaka thelathini mchana wa nyumba ile ulikuwa wake na shoga zake na biashara yake ya barafu, anaanza kujiona anakaguliwa kwake mwenyewe. Wakati mwingine mambo huwa kinyume: mama ndiye mwalimu mkuu aliyestaafu, na baba ni fundi wa kujitegemea aliyezoea kujilaza kwenye kochi mchana bila kuulizwa. Yote mawili yanachosha, na mtu anayetaka kupumua kidogo mbali na mwenzake katika hali hiyo hajaacha kumpenda.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo wastaafu wa kwetu huzitumia kweli: kutoka nyumbani kila siku kwa saa fulani, kugawana vyumba, kwenda shamba kwa msimu, na kwenda kukaa kwa watoto. Sitataja mshindi, kwa sababu nyumba hazifanani.

Tunapima nini

Fedha kwanza, na hapo hesabu ya kuanzia si kubwa kama ya kuendesha. Nyumba mbili ni majiko mawili, umeme mara mbili, na nauli katikati.

Pili ni nafasi inayopatikana, na nani anaipata. Kigezo hiki nimekipa uzito kuliko vingine vyote. Mipango mingi ya “kupumzika” humpumzisha mmoja na kumwongezea mwingine kazi. Kabla ya kukubali mpango wowote, ulizeni nani atapika, nani atafua, nani atakuwa na ufunguo, na nani atabaki na mgonjwa.

Tatu ni afya. Katika umri huu presha na sukari ni wageni wa kawaida, na mtu akianguka ni lazima awepo wa kumwona. Nne ni macho ya watu: majirani, mashemeji, watoto wenyewe. Tano ni urahisi wa kugeuza mpango ukishindikana.

Kuna hali ambazo makala hii haizihusu. Kama unataka kukaa mbali kwa sababu unapigwa au unatishwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii. Na kama mwenzako amebadilika ghafla, anasahau njia ya nyumbani, anakasirika asivyokuwa zamani, mpelekeni hospitali kabla hamjaanza kugawana vyumba.

1. Saa za nje kila siku

Anayechagua njia hii hahami. Anatoka saa tatu asubuhi, anarudi saa nane kula au anarudi magharibi. Pwani jibu la “wapi” halitafutwi: barazani. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kahawa, domino na siasa huenda mpaka usiku. Bara kuna kijiwe cha kahawa, kamati ya shule, kamati ya msikiti, baraza la wazee la usharika, au ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mstaafu anayejua kuandika barua ya maana hakosi wa kumhitaji. Wengine hufungua kibanda: madaftari na kalamu, vipuri vya baiskeli, duka dogo la rejareja.

*Fedha.* Kahawa ni senti. Kibanda ndicho cha kuangalia. Kufungua duka ili upate pa kwenda ni jambo moja, kufungua duka ili upate faida ni jingine, na balaa huanza mtu wa kwanza anapojihesabu kuwa wa pili. Sehemu kubwa ya mafao hulipwa kidogokidogo kila mwezi. Mkupuo uliwekwa asilimia 33 katika kanuni iliyoanza Julai 2022, na baadaye serikali ikauongeza. Ukiumwaga wote kwenye duka la kupitishia muda, umenunua kiti cha barazani kwa bei ya kiwanja.

*Nafasi.* Katika njia zote nne, hii ndiyo pekee ambamo anayebaki anaweza kupumzika sawa na anayetoka. Sharti lake ni moja: aliyetoka asimfanye aliyebaki ashinde jikoni akimsubiri. Chakula kikae kwenye hotipoti, au ale huko huko. Ila tuseme ukweli, baraza ni za wanaume. Mwanamke ana kikoba kila wiki, jumuiya ndogondogo, WAWATA ya wanawake Wakatoliki, kwaya, darsa, maulidi. Lakini hizo zote zina saa yake na kazi yake, na akimaliza anarudi kupika. Kukaa tu mahali bila kufanya kitu, kama mzee anavyokaa kijiweni, bado hajapewa. Kama mnaipanga njia hii, zihesabuni saa za kila mmoja.

*Afya.* Kutembea kwenda na kurudi kunasaidia. Kukaa saa sita juu ya benchi hakusaidii, na vijiwe vingine ikifika saa kumi jioni hugeuka baa.

*Macho ya watu.* Mwanamume hatasemwa kitu. Mwanamke anayetoka kila siku ataulizwa anakwenda wapi, na kikundi chenye jina humwepusha na maswali hayo.

*Kugeuza.* Kesho asubuhi tu.

*Inamfaa nani.* Wenye tatizo la mchana. Mnalala vizuri, mnacheka jioni, lakini saa tano asubuhi mnataka kuuana kwa sababu ya redio. Haifai penye kinyongo cha zamani. Huyo atatoka saa tatu na kurudi na kinyongo kilekile saa nane.

2. Chumba cha pili ndani ya nyumba ileile

Watoto wameondoka, vyumba vipo. Au kuna kile cha uani kilichokuwa cha mpangaji. Mmoja anahamishia humo kitanda, neti na redio.

*Fedha.* Ni ndogo: godoro, feni, pengine TV ya pili. Chumba cha uani kina gharama iliyojificha, nayo ni kodi ya mpangaji mliyokuwa mkiipata. Kwa wengine kodi hiyo ndiyo inayonunua dawa, kwa hiyo muijumlishe.

*Nafasi.* Inatibu usiku zaidi ya mchana. Anayekoroma, anayeamka mara nne kwenda msalani kwa sababu ya tezi dume, anayeamka saa kumi kujiandaa kwa alfajiri, anayesikiliza taarifa ya habari ya usiku kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Mama yuko katika miaka ya kukoma hedhi, joto linampanda usiku, anataka feni, baba anatetemeka. Mambo haya miaka ya kazi yalivumiliwa kwa sababu watu walilala hoi. Sasa hakuna aliyechoka kiasi hicho. Faida huenda kwa wote wawili, na mzigo unaoongezeka ni kufagia chumba kimoja zaidi. Semeni nani atakifagia.

*Afya.* Kulala vizuri ni dawa, lakini usiku wa kiharusi mtu huhitaji kusikika. Mlango usipigwe komeo, simu iwe karibu na kitanda. Na mkoromo unaokatika katika, pumzi ikasimama halafu ikarudi kwa kishindo, unahitaji daktari. Ukihama chumba umeuhama wewe tu, mwenye mkoromo kabaki nao.

*Macho ya watu.* Hapa pana ugumu kuliko watu wanavyodhani. Kuhama kitanda kwetu ni habari nzito. Binti wa kazi ataiona, ndugu akija kulala ataiona, na wiki ijayo itakuwa Kigoma. Kwa Waislamu kuna jambo la ziada: kuhama malazi kumetajwa katika Qurani, sura An-Nisaa aya ya 34, kama hatua ya kumwadabisha mke. Mume akibeba mto wake kimya kimya kwa sababu ya joto tu, mke anaweza kushinda siku nzima akitafuta kosa lake. Lisemwe kwanza, kwa maneno, mchana, kabla mto haujabebwa.

*Kugeuza.* Kwa mikono ni rahisi. Kwa moyo mazoea hukaa, na baada ya mwaka hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kurudi. Wanaofaulu huwa na siku zao za kulala pamoja.

*Inamfaa nani.* Wanaopatana mchana na kukosana usiku. Na wale ambao pensheni haiwezi kulisha majiko mawili.

3. Shamba kwa msimu

Hii ni ya asili kuliko zote, na kwa sababu hiyo haihitaji maelezo mengi kwa ndugu. Wavuvi wa Unguja na Pemba wamekwenda dago tangu enzi, wakikaa kambini mbali na wake zao kufuata samaki na upepo. Mchagga ana kihamba Rombo au Machame: mzee akistaafu anarudi kwenye ndizi zake na kahawa, mama anabaki Dar es Salaam na wajukuu, Desemba wote wanakutana mlimani. Mhaya ana kibanja. Ukisema “mzee yuko shamba”, mazungumzo yameisha.

Shamba pia lina kalenda, na kalenda ndiyo inayoliokoa na kuwa utengano. Penye mvua mbili, kama Pwani, Tanga na Kilimanjaro, kuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Shamba la mahindi la Mkuranga litawatenganisha mara mbili kwa mwaka, kwa vipande. Dodoma na Singida kuna mvua moja, takriban Desemba hadi Aprili; huko ni kipindi kimoja kirefu, halafu mkishavuna mko huru. Mikorosho ina ratiba nyingine, ya kupulizia katikati ya mwaka na kuokota kuelekea mwisho wake. Kwa hiyo unapochagua zao umechagua pia miezi ya kutokuwepo nyumbani, na hili sijaona likizungumzwa na wanaouza viwanja vya mashamba.

Usafiri nao umebadilisha hesabu. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza Juni 2024, na ilipoanza nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000, safari ya chini ya saa mbili. Baadaye mwaka huohuo ikafika Dodoma, kwa shilingi 31,000. Mwenye ekari mbili Morogoro hahitaji tena kuhama kwa miezi. Anaweza kuondoka Jumanne na kurudi Ijumaa, na hiyo kwa wanandoa wengi ni dozi tosha.

*Fedha.* Nyingi. Vibarua, mbegu, mbolea, dawa, jiko la pili, nauli. Shamba la kupumulia liwe dogo, ekari moja au mbili, na kukodi ni bora kuliko kununua mpaka muone kama mpango unakaa. Hesabu za matikiti zinazozunguka WhatsApp, ekari moja inakupa mamilioni kwa siku tisini, zina wahanga wengi miongoni mwa wastaafu. Kama lengo ni kupata nafasi, usiligeuze kuwa lengo la utajiri katikati ya safari.

*Nafasi.* Hakuna inayotoa nafasi pana kama hii: wiki, mwezi, msimu. Aliyebaki mjini anapata nyumba, aliyekwenda anapata upepo. Lakini hapa ndipo kigezo cha pili kinapouma. Palizi katika mashamba yetu mengi ni kazi ya wanawake. Mzee akienda shamba “kupumzika” halafu akamwita mama wiki ya palizi, akamwita tena wiki ya kuvuna, na kila Jumamosi akataka aletewe samaki wa kukaanga na nguo safi, mama hajapata nafasi yoyote. Ameongezewa kituo cha kazi. Mzee anayekwenda shamba lazima ajue kupika ugali wake na kufua nguo zake, au amlipe mtu. Na ikumbukwe kuwa wapo akina mama wanaotamani kuwa wao ndio waende shamba, wakalime bustani yao ya mchicha kwa raha zao, na mzee abaki mjini na TV. Swali hilo mara nyingi halijawahi kuulizwa.

*Afya.* Tarehe ya kliniki ya presha haijui masika. Kabla ya kuhamia, tafuta zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uliza kama kadi yako ya bima inapokelewa na kama dawa zako hupatikana. Mpe jirani mmoja namba ya mwenzako. Pangeni simu ya jioni kwa saa ileile kila siku, hata kama ni dakika mbili. Simu isipopokelewa mara mbili, jirani anatumwa.

*Macho ya watu.* Wiki za mwanzo ni sifa. Mwezi wa tatu zinaanza habari za nyumba ndogo, hata kama hakuna mtu huko isipokuwa mbuzi. Mwenzako awe na nguo zake huko, ufunguo wake, na ruhusa ya kufika bila hodi. Shamba ambalo mke hajui njia yake litasemwa, na pengine lina sababu ya kusemwa.

Kuna na sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 inahesabu kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu au zaidi kuwa mojawapo ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyatazama kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Mtu aliyeko shamba na anarudi kila baada ya mavuno hayumo humo. Yule aliyekwenda “kwa muda”, akaacha kurudi, akaacha kutuma hela ya matumizi, anasogea huko bila kutaka. Sheria hiyohiyo inazuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo aliyeko mbali asiogope kupoteza nyumba, na aliyeko karibu asijaribu.

*Kugeuza.* Mazao ya msimu yanakuachia baada ya kuvuna. Mifugo haikuachii. Anayetaka kujaribu aanze na mahindi, ng'ombe wa maziwa wasubiri.

*Inamfaa nani.* Wenye afya ya kujitegemea, wanaopenda ardhi kweli, na ambao mapenzi yao hukolea wakiwa mbali; kuna wanandoa ambao huzungumza vizuri kwenye simu kuliko mezani. Haimfai mtu aliyezaliwa na kukulia mjini ambaye anaona shamba kwenye picha.

4. Kwa watoto

Kwa kawaida anayekwenda ni mama. Binti amejifungua Mwanza, au mwana yuko Muscat, Birmingham au Minnesota, na nyumba inahitaji mtu mzima. Baba anabaki.

*Fedha.* Tiketi hulipwa na mtoto, jambo linaloifanya ionekane bure. Viza, vipimo, nguo za baridi na zawadi za kurudi nazo haviko bure. Ulaya, nchi za Schengen hutaka bima ya safari ya angalau euro 30,000. Nyumbani nako baba anayekula mgahawani mwezi mzima anatumia kuliko kaya nzima ilivyotumia.

*Nafasi.* Umbali ni mkubwa, mapumziko hayana uhakika. Bibi anayeamka na kichanga saa nane usiku, anayepika kwa ajili ya watu wanaorudi saa mbili, anaweza kurudi kwake amekonda. Wapo wanaorudi wamechangamka, wameona dunia, wamekaa na binti yao kama marafiki. Tofauti huletwa na makubaliano kabla ya tiketi: nitalala chumba changu? Kuna msaidizi? Nina siku yangu ya mapumziko? Mzazi kumuuliza mwanawe maswali hayo huonekana ni ukali, ila ni afadhali yaulizwe kwa simu kuliko kulia bafuni huko Ulaya. Mzee akienda yeye, hali hubadilika: bibi hupewa mjukuu, babu hupewa kochi, na baada ya wiki mbili anaulizia tarehe ya kurudi.

*Afya.* Anayesafiri abebe dawa za kutosha na cheti cha daktari chenye majina ya dawa. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa anayebaki. Mwanamume ambaye miaka yote alikumbushwa vidonge na mkewe ataviruka, atakula chipsi, na sukari itapanda bila kelele.

*Macho ya watu.* Hii ndiyo inayosifiwa kuliko zote, na kwa hiyo ndiyo inayotumika zaidi kuficha ugomvi. Watoto hawadanganyiki, wana kundi lao la familia ambalo ninyi hamumo. Usimfanye mtoto hakimu, na usimweke mkwe katikati.

*Kugeuza.* Nje ya nchi kuna tarehe: Uingereza mgeni hukaa mpaka miezi sita, Marekani kwa kawaida huruhusiwa muda kama huo akifika uwanjani, Schengen ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Ukomo huo ni faida kubwa. Ndani ya nchi hakuna viza, na “mpaka mtoto atambae” hugeuka “mpaka aanze shule”, halafu binti anapata mimba nyingine.

*Inamfaa nani.* Mwenye mtoto anayemheshimu, mwenye nguvu, na ambaye mwenzake nyumbani anajua kujihudumia. Wanaobaki wakiwa hawajui kuwasha jiko, wajifunze kwanza.

Kulisema

Njia yoyote inaharibika ikianza na “unanichosha”. Anza na unachokitaka, taja saa, taja na mtakapokutana. “Baba Neema, mimi mchana nimezoea kuwa peke yangu. Naomba kuanzia saa nne mpaka saa nane uniachie nyumba, jioni tukae pamoja barazani.” Au: “Mama Neema, nataka nikalime Morogoro vuli hii. Ijumaa narudi. Wewe ungependa upate nini?” Swali lile la mwisho lisisahaulike. Kama hamwezi kuzungumza bila kelele, mtu wa tatu anayeheshimiwa na pande zote, mshenga, shangazi, mchungaji au sheikh, ana kazi hapa.

Kwa hali yako

Kama kero ni ya mchana na fedha ni pensheni moja, anza na saa za nje. Hazina gharama, na mkikosea mmepoteza wiki moja. Mama asiye na kikundi apatiwe saa zake ndani ya nyumba tupu.

Kama kero ni ya usiku, gawaneni vyumba, na mwenye mkoromo apimwe.

Kama mmezoeana kwa miaka, mna afya, na kuna kipande cha ardhi mahali, jaribuni msimu mmoja wa shamba la kukodi. Mkiona mnakumbukana, pangeni wa pili. Mkiona mmoja anavuta siku za kurudi kila mara, rudini mezani kabla ya msimu mwingine.

Wanaoishi kijijini tayari, shamba kwao ni nyumbani, haliwatenganishi. Hao njia yao huwa kinyume: mmoja kwenda mjini kwa mtoto kwa wiki chache zenye tarehe, mwingine kubaki na mifugo.

Kama mmoja ni mgonjwa, amepooza au haoni, anayemhudumia ndiye anayehitaji kutoka kuliko wastaafu wote niliowataja, na ndiye asiyediriki kusema. Shamba na safari ndefu havimo. Watoto wagawane siku, au ndugu alipwe kuja mara mbili kwa wiki, na anayehudumia atoke nje ya geti siku hizo hata kama hana pa kwenda. Hela iliyotengwa kwa tiketi ya ndege ilipe mtu huyo.

Kuna kundi jingine ambalo husahaulika: wanandoa ambao kazi iliwaweka mbali maisha yote. Baba alikuwa Sumbawanga, mama anafundisha Moshi, walikutana likizo. Kustaafu kwao ni mara ya kwanza kuishi pamoja kwa zaidi ya mwezi, na wanashangaa kwa nini wanagombana kama maharusi. Hao wasirukie kukaa pamoja siku saba. Kama bado kuna nyumba kule alikokuwa, wasiiuze mwaka wa kwanza. Wakae wiki mbili pamoja na mbili mbali, halafu waongeze taratibu kadiri wanavyoweza.